Kompyuta Iliyorithi Jina la Mwalimu

Nyeri
Jumatatu, 10 Machi 2025

Baba Gakii,

Salamu zitakuja mwishoni nikipata pumzi. Wacha nianze na shida. Ile kompyuta kubwa uliyotuwekea, ile seva iliyo kando ya chumba cha kupimia masikio, imetukataa. Tangu asubuhi nikifungua programu ya wagonjwa hapa mapokezi, inaniambia seva haipatikani. Judy naye huko ndani, kwenye mashine yake ya kupimia, anaambiwa hivyo hivyo. Taa zinawaka, feni inavuma, kila kitu kinaonekana kizima. Hatujagusa kitu.

Ungekuwa bado fundi wetu ningekuita tu dirishani. Lakini ulituacha Agosti ukarudi kwenu Chogoria bila hata chai ya kuagana, na mpaka leo hakuna aliyeandikwa mahali pako. Nimekupigia tangu saa mbili, simu imezimwa. Ndiyo sababu nakuandikia barua pepe, na naomba Mungu uwe bado unaisoma.

Sikia kwa nini nina haraka. Ijumaa hii Bwana Theuri anakuja kutoka Nairobi na vifaa vya kusikia vya watoto wetu. Unajua kila kifaa lazima kipangwe kulingana na sikio la mwenyewe, na vipimo Judy amevichukua mtoto mmoja mmoja tangu mwaka jana. Vyote viko ndani ya seva. Kupima upya hatuwezi, mtoto mmoja anammalizia Judy asubuhi nzima. Theuri amesema wazi kwamba akitukuta hatuko tayari ataendelea na safari, vifaa vikiwa ndani ya gari, avipeleke kituo kingine. Sisi turudi mwisho wa foleni, labda mwaka ujao, labda asije kabisa.

Kuna msichana anaitwa Wendy, wa Kianyaga, ana miaka mitano. Huletwa na nyanya yake. Shule iliyo karibu nao imekubali kumpokea muhula ujao ikiwa ataweza kumsikia mwalimu. Nyanya amekwisha kumshonea sweta ya shule. Mimi ndiye nilimwambia ashone.

Nijibu upesi. Sasa ndiyo salamu, kwako na kwa Mama Gakii.

Wachuka, Mapokezi


Chogoria
Jumanne, 11 Machi

Mama Ben,

Barua nimeipata. Simu usipige tena. Huku kwetu mtandao wa kuongea ni wa shida, lakini maandishi yanafika. Andika tu.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kila mashine niliyoitwa kuitazama ilikuwa haijaguswa. Moja niliikuta imejaa uji wa mtoto, na mwenyewe akaniapia kwamba haijaguswa na ameiamkia hivyo. Kwa hiyo nakuuliza taratibu na bila hasira: nani aligusa, na aligusa nini?

Fanya hivi. Keti mbele ya seva yenyewe, si mbele ya kompyuta yako. Jaribu kufungua hifadhidata pale pale, ile yenye vipimo vya watoto. Ikifunguka, basi vipimo viko salama, na shida iko njiani kati ya seva na nyinyi. Kisha nenda kwenye mipangilio, mahali inapoonyesha jina la kompyuta, uniandikie unachokiona herufi kwa herufi. Mimi niliiita MLIMA, kwa sababu ukikaa kwenye kile kiti na kumekucha vizuri, Mlima Kenya unauona dirishani. Sikuwa na wazo lingine siku hiyo.

Hiyo chai ya kuagana tuiache kwanza.

Mbaabu


Nyeri
Jumanne, 11 Machi, mchana

Baba Gakii,

Nimeketi mbele yake kama ulivyosema. Hifadhidata imefunguka, na majina ya watoto nimeyaona yote, mpaka la Wendy. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, Judy akatoka kuangalia kuna nini. Na jina la kompyuta ni KINGORI. Hilo sikuhitaji kufungua mipangilio ili nilijue. Nililiandika mimi.

Usicheke mpaka nimalize. Mwalimu Kingori alitutoka Januari, hilo unalijua, ingawa mazishini hatukukuona. Unajua pia kwamba yeye ndiye alianzisha hiki kituo kwa pensheni yake ya ualimu, na kwamba yeye na mke wake, huyu Cucu wetu, hawakujaliwa mtoto. Sasa sisi Wakikuyu, mzee hapotei kwa sababu mjukuu hubeba jina lake. Akizaliwa mvulana tunasema guka, babu yake, amerudi. Mwalimu atarudi kupitia nani? Ijumaa iliyopita tulimwandalia Cucu chai hapa kituoni ya kumkumbuka mume wake, na tukiwa katikati ya mandazi akasema, "Mimi siko na shida na kitu ingine. Ni hiyo jina yake tu. Ati itabaki kwa mawe ya kaburi, hakuna mtu anaitwa hivyo tena."

Watu wote wakaangalia vikombe vyao. Ndipo Simeon, askari wetu wa langoni, akasema, "Lakini Mwalimu si ako na watoto? Wote si wako ndani ya hiyo kompyuta kubwa? Si tuiite yeye?"

Ungeuona uso wa Cucu usingeuliza maswali. Mchungaji aliomba. Mimi ndiye niliye na neno la siri, kwa hiyo nilifuta MLIMA, nikaandika KINGORI, ikataka kuzimwa na kuwashwa, tukazima, tukawasha, tukapiga makofi. Wikendi hakuna aliyekuja kazini. Jumatatu ndiyo unayoijua.

Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Mkurugenzi wetu, Bwana Kihara, alikuwa safarini Ijumaa na mpaka sasa hajui. Na kusema kweli sikudhani jina ni kitu. Mtu akibatizwa jina jipya haachi kula chakula alichokuwa anakula jana.

Na sasa mimi pia nikuulize taratibu na bila hasira. Huku watu wanasema una kinyongo nasi. Wanasema ulijiona mkubwa, ukatuzimia simu, hata Mwalimu hukumzika. Mimi nakutetea, lakini nimechoka kutetea kitu nisichokijua.

Wachuka


Chogoria
Jumatano, 12 Machi

Mama Ben,

Nimecheka mpaka nikafuta machozi. Halafu nikaacha, maana wazo la Simeon ni zuri kushinda mengi niliyoyasikia kwenye mikutano ya hapo.

Kwanza utulie. Hakuna kilichopotea. Shida ni kwamba jina la seva limeandikwa mahali patatu, na nyinyi mlibadilisha mahali pamoja tu. La kwanza ni la kompyuta yenyewe, ndilo mlilolifuta. La pili liko kwenye kompyuta yako na ya Judy. Mimi niliziagiza kila zikifunguliwa ziende zikamtafute MLIMA. Zinaenda, zinabisha, hakuna MLIMA, zinarudi kukuambia seva haipatikani. Zinasema ukweli. La tatu liko ndani ya hifadhidata. Siku niliyoiweka ilijiandikia kwamba inaishi kwa MLIMA, na mpaka leo haina habari ya chai yenu wala maombi ya mchungaji.

Njia fupi ni kurudisha jina la zamani. Futa KINGORI, andika MLIMA, zima, washa. Dakika chache tu, kila kitu kirudi kilivyokuwa, na Theuri akija mtakuwa mmekaa mnamngoja. Cucu mwambie tutamwandikia Mwalimu kibao kizuri mlangoni.

Kinyongo sina. Mazishini sikuweza kuja. Mwalimu alinipa kazi nikiwa sina kazi, na kutokuja kuliniuma. Zaidi ya hapo nisamehe, sina la kueleza.

Mbaabu


Nyeri
Jumatano, 12 Machi, saa saba

Baba Gakii,

Siwezi.

Wewe ni fundi na umesema njia fupi, na mtu mwenye akili angeifuata. Lakini hujui kinachoendelea hapa. Tangu Jumatatu Cucu anakuja kila asubuhi kutoka kwake, anapitia sokoni, anaingia kwenye kile chumba na mfuko wake wa sukumawiki, anaiambia seva, "Mwalimu, umeamkaje?" Kisha anaketi dakika chache na kwenda zake. Leo amemletea kitambaa alichofuma mwenyewe, cha kuifunika isipate vumbi. Judy ameshindwa kumweleza kwamba ikifunikwa itapata joto, ameweka kitambaa chini yake badala ya juu. Na Ijumaa Cucu atakuwa hapa, Bwana Theuri mwenyewe amemwalika. Nitamwambiaje huyo mama kwamba tulimrudisha mume wake Ijumaa na tukamfuta Jumatano?

Bwana Kihara nimemwambia yote leo. Akasema, "Mngeniuliza tu." Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Amesema kesho jioni ndiyo mwisho. Kama vipimo havitatoka, atampigia Theuri amwambie asijisumbue kuingia hapa.

Kwa hiyo tumepatana hivi, mimi na nafsi yangu. Nionyeshe njia ndefu. Kesho jioni ikifika na njia ndefu imekataa, nitarudisha MLIMA kwa mkono wangu na nitamwambia Cucu kwa mdomo wangu. Watoto kwanza, hilo sina ubishi nalo. Lakini naomba unipe nafasi ya kujaribu.

Wachuka


Chogoria
Alhamisi, 13 Machi, alfajiri

Mama Ben,

Mimi nabeba jina la babu yangu, na mpaka leo wazee wa huku wakinikuta njiani wanamsalimia yeye kwanza, mimi baadaye. Kwa hiyo nimekuelewa. Njia ndefu hii hapa, na uifuate kwa utaratibu, usiruke.

Kabla ya yote nakili hifadhidata nzima kwenye ile diski ya nje iliyo kwenye droo ya Judy. Hata kama dunia inaungua, nakili kwanza.

Kisha nenda kwenye kompyuta yako na ya Judy. Fungua mipangilio ya programu ya wagonjwa, utaona mahali palipoandikwa MLIMA, uweke KINGORI. Ukimaliza, programu itafunguka na mtafurahi. Msifurahi sana, kazi haijaisha. Mkitaka kutoa vipimo kwenye faili ya kumpa Theuri, seva itajiuliza jina lake kwanza, nayo bado inajiita MLIMA, na itakataa.

Basi rudi kwenye seva, fungua dirisha la amri za hifadhidata. Chini ya barua hii nimekuandikia amri tatu. Ya kwanza inamuuliza, wewe ni nani? Ya pili inaliondoa jina la zamani. Ya tatu inampa jina jipya, na mwisho wake kuna neno linalomaanisha kwamba huyu ni wa hapa hapa, si mgeni. Hilo neno usilisahau. Ukimaliza, simamisha huduma ya hifadhidata uianzishe tena, halafu umuulize jina mara ya pili.

Akikataa mahali popote niandikie alivyosema, neno kwa neno, usinifupishie.

Mbaabu


Nyeri
Alhamisi, 13 Machi, saa kumi jioni

Baba Gakii,

Nimenakili. Nimebadilisha kwangu na kwa Judy. Programu imefunguka, tumefurahi, tukaacha. Mpaka hapo ulisema kweli tupu.

Nilimuuliza yeye ni nani, akasema MLIMA. Nikampa amri yako ya pili akaikataa. Anasema jina MLIMA haliwezi kuondolewa kwa sababu kuna anayeingia kwa mbali ambaye bado amefungwa kwa jina hilo. Nilikuandikia saa tano, ukajibu saa saba kwamba nitafute ni nani. Nikatafuta, nikaona maandishi nisiyoyaelewa, nikakuandikia saa saba na nusu, na hujajibu mpaka sasa. Theuri ameingia Nyeri mchana, amefikia hoteli hapo chini. Kihara ananiangalia kupitia kioo cha ofisi yake na simu mkononi.

Nimekupigia tena na tena. Imezimwa. Huo mtandao wako wa shida ni shida gani inayopitisha barua na kuzuia sauti? Mimi si mtoto, Baba Gakii. Kwa barua hatutamaliza leo, kila swali linakula saa mbili, na saa sina. Ukinielekeza kwa mdomo tutamaliza kabla giza halijaingia, hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Nimechoka kukutetea. Kama umetuchoka, tuchoke sisi, mimi na Kihara na Judy, tunastahili. Wendy hajakukosea kitu. Nyanya yake amekwisha kufika, wamefikia kwa dada yake hapa mjini, na sweta wamekuja nayo.

Nitaketi mbele ya seva mpaka saa kumi na mbili. Ikifika nitarudisha jina la zamani. Barua sitazisoma tena leo. Piga simu.

Wachuka


Chogoria
Alhamisi, 13 Machi, saa kumi na moja na nusu

Kwa Mama Ben,

Hatujawahi kuonana. Mimi ni Kathambi, mke wa Mbaabu, yule Mama Gakii uliyemsalimia kwenye barua ya kwanza. Amesahau kufunga kompyuta yake na nimesoma uliyomwandikia. Nakujibu kwa anwani yake, akikasirika atakasirika.

Yeye si mtu wa kiburi. Alitoka hapo Agosti kwa sababu alikuwa na uvimbe kooni na hakutaka mtu amhurumie. Septemba alipasuliwa. Uvimbe ulitoka vizuri na haukuwa ule tuliouogopa, namshukuru Mungu kila siku. Lakini madaktari walikuwa wametuonya mapema kwamba mshipa wa sauti uko karibu sana, na wakati wa kuutoa ule uvimbe mshipa ulilegea. Tangu hapo hana sauti. Ana mnong'ono tu, wa kukwaruza, na ukiwa mbali naye husikii kitu.

Alipotoka hospitali alimpigia mama yake. Mama akauliza, "Ni nani huyo?" Akajaribu tena, mama akamwambia amekosea namba, akakata. Siku hiyo alizima simu na hajaiwasha. Siku ya mazishi ya Mwalimu alivaa suti, akaketi kitandani na suti yake, akasema, "Nikienda wataniambia niseme machache." Hakwenda.

Barua yako ya leo ameisoma akatoka akasimama huko kwenye majani chai. Sasa amerudi na ameniomba simu yangu. Ukipigiwa na namba usiyoijua na usikie pumzi peke yake, nakuomba usikate.

Kathambi


Nyeri
Ijumaa, 14 Machi, jioni

Baba Gakii,

Leo nianze na salamu, nyingi sana, na za Cucu ziko juu ya zote.

Nataka kukuandikia jana ilivyokuwa upande wetu, kwa sababu wewe ulikuwa upande wa pili na hukuona. Nilikuwa nimeshika kipanya, MLIMA nimekwisha kuiandika nusu. Simu ikalia, namba siijui. Nikasikia kitu kinakwaruza kama kiatu kwenye changarawe. Nikakwambia, "Baba Gakii, ongea pole pole, niko hapa." Ukaongea, na sikusikia hata neno moja. Nikaanza kulia, si kwa huruma, usidhani, nililia kwa sababu saa ilikuwa inaenda na wewe ulikuwa umepiga na haikusaidia.

Judy akachungulia akauliza ni nini. Nikamwambia. Akaninyang'anya simu akasema, "Wachuka, si sisi ndio tuko na kazi ya kusikia watu hawasikiki? Lete hiyo kitu." Akaiunganisha na ile mashine yake ya kupimia, ile anayoongezea watoto sauti kidogo kidogo mpaka wanyooshe mkono, akanivika vile visikizi vikubwa vya rangi nyekundu, akaongeza. Akaongeza tena. Baba Gakii, nilikusikia ukimeza mate. Nilisikia kuku wako nje.

Baada ya hapo unajua, lakini mimi naendelea kulisimulia, limenikaa. Ukaniambia nikusomee. Nikakusomea ile orodha. Ukasema, "Hapo. Huyo ni wa Kihara." Ni kompyuta ya Mkurugenzi iliyokuwa imefungwa kwa jina la zamani, kwa ajili ya ile nakala inayojichukua kila siku. Ukanipa amri ya kumfungua, akafunguka. Nikaondoa MLIMA, ikakubali. Nikaandika KINGORI, ukaninong'oneza, "Lile neno la mwisho," maana nilikuwa nimelisahau kama ulivyojua nitalisahau. Nikasimamisha huduma, nikaianzisha. Nikamuuliza yeye ni nani. Alipojibu KINGORI nilipiga ukelele, nikakuumiza masikio, nisamehe. Ndipo ukakata. Nilidhani salio limeisha.

Leo Theuri aliipata faili yake kabla hajamaliza chai. Wendy alikuwa wa nne. Theuri alimwekea kifaa cha kulia, cha kushoto, akaviwasha, na Wendy akakaa tu amekunja uso, tukaona haijafanya kazi. Kisha nyanya yake, aliyekuwa nyuma karibu na mlango, akamwambia Simeon kwa sauti ya kawaida, "Huyu mtoto hajala tangu asubuhi." Wendy akageuka. Alimwangalia nyanya yake, akaangalia mdomo wake, akamwangalia Simeon, akamrudia nyanya. Nyanya akaitoa ile sweta. Wendy akaivaa hapo hapo, jua lote lile.

Karatasi ya vipimo ambayo kila mzazi anaenda nayo nyumbani, chini yake seva huandika jina lake yenyewe. Cucu aliomba aone moja. Akaisoma mbali, akaisoma karibu, akauliza, "Na hii inaenda Kianyaga?" Nikamwambia inaenda Kianyaga, nyingine Kerugoya, nyingine Othaya, kila mtoto na yake. Akasema, "Basi ni sawa," akachukua mfuko wake akaenda nyumbani. Bwana Kihara naye ameuliza kama kompyuta yake inaweza kupewa jina la mama yake. Nimemwambia hapana.

Barua ya Kathambi nimeiona leo asubuhi nilipofungua mapokezi. Nimeisoma nimesimama. Yale niliyokuandikia jana kuhusu kutuchoka nayarudisha yote, na nimewaambia watu hapa ukweli, wale waliosema maneno wamenyamaza vizuri. Judy anasema mshipa uliolegea mara nyingi huzoezwa. Anasema sauti ya zamani hawezi kukuahidi, lakini mnong'ono anaweza kuutia nguvu mpaka mtu wa upande wa pili wa meza akusikie, amewafanyia wengine. Amekuwekea Jumanne, saa nne. Nimekuandika mwenyewe kwenye programu, na ilikubali mara ya kwanza.

Wachuka


Chogoria
Jumapili, 16 Machi

Mama Ben,

Jumanne nitakuja. Kathambi atanisindikiza, anataka kukuona huyo Wachuka ni mtu gani. Kompyuta ya Kihara tutaitazama siku hiyo hiyo, ile nakala ya kila siku sasa haina pa kuingilia. Usiiguse.

Salio halikuisha. Nilikata kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia, na kulia kwangu siku hizi kuna kelele mbaya.

Kuna kitu nimekizungusha kichwani tangu Alhamisi. Ulisema "Baba Gakii" kabla sijamaliza kupumua. Nilifurahi, halafu Kathambi akaniungamia kwamba alikuandikia akuonye, na furaha ikapungua. Nikajiambia, kumbe alikuwa ameambiwa, mtu yeyote aliyeambiwa angejua. Nilikaa nayo hiyo Ijumaa nzima. Kisha nikasoma barua yako, mahali uliposema ya Kathambi uliiona asubuhi yake. Nikarudi nikaisoma tena. Kwa hiyo namba hukuijua, habari hukuwa nayo, sauti yangu haiko, na hukuniuliza ni nani.

Leo baada ya kanisa nimewasha simu yangu nikampigia mama. Akauliza, "Ni nani?" Nikasema ni Mbaabu. Akauliza tena. Nikasema tena, na sikukata. Mara ya tatu akaniuliza kama nimekula.

Mbaabu